Daftari la Maneno na Kiti cha Mgeni Rasmi

Jumatatu, 10 Novemba 2014

Theluji mpaka magotini. Gari limezikwa. Hata hivyo, siku kubwa. Mwalimu Irene, anayewafundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi kanisani pale mjini Saint Paul, huku ughaibuni, anatafuta mgeni rasmi. Darasa linatimiza miaka mitatu Jumamosi hii. Habari nimezipata kwa mke wangu Imelda, ambaye akaongeza kwamba kamati inamwelekea Ndagijimana.

Ndagijimana! Mkongo wa Uvira, zamani mwalimu wa Kifaransa, sasa dereva wa kujitolea wa basi dogo la watoto. Mtu mwema, sikatai. Lakini meza kuu ina watu wake. Mimi nina shahada ya pili, kazi ofisi za jimbo, na mwaka mzima wa Kijerumani niliousoma Leipzig. Tangu tuhamie Oakdale nimeitwa meza kuu mara ngapi? Hata mara moja. Inauma, na humu ndani sina wa kumficha.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya wanajeshi wastaafu, ofisi zimefungwa. Nimeshinda na daftari. Mada yangu: neno moja, herufi zilezile, na kila taifa la Ulaya na maana yake. "Gift": Mwingereza anapewa zawadi, Mjerumani anapewa sumu, Mswidi anaambiwa huyo keshaoa. "Rock": Waingereza wanaukwea mwamba, Wajerumani wanavaa sketi. "Barn": kwa Mwingereza ni banda la nyasi kavu, kwa Mswidi ni mtoto. Nani mwingine katika mji huu ana kitu kama hiki? Nilicheka peke yangu mpaka Imelda akaja kunipima homa. Nikamsomea yote. Akasema ni nzuri, Baba Naftali, sasa chukua koleo ukaondoe theluji. Nabii hana heshima kwao.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempigia Irene na kumsomea "Gift" kwa dakika kumi na moja. Aliniuliza mara mbili kama nimemaliza. Nadhani aliguswa. Akasema ataiuliza kamati.

Pengo moja tu: sina Kifaransa, na nusu ya wazazi ni Wakongo. Hotuba bila Kifaransa itachechemea. Dawa ninayo. Kesho naenda kumsalimia Ndagijimana.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda na kichane cha ndizi ili nionekane nina nia njema. Akanipa chai ya maziwa na mandazi. Nikamwuliza habari za maneno, kama mtu anayepitisha muda. Akamwaga kila kitu! "Pain", ambayo kwa Mwingereza ni maumivu, kwao ni mkate. "Four" si nne, ni tanuri. "Chair" si kiti, ni nyama ya mwili. Niliomba kwenda msalani mara tatu ili niandike. Akaniuliza kwa huruma kama tumbo linanisumbua.

Mlangoni nikavuta pumzi nimwombe aniachie kiti. Akaniwahi. "Ndugu yangu, Irene ameniambia uko na hotuba. Ikaa wewe pale mbele. Miye watu mingi wananichokesha." Ushindi bila vita. Aliendelea kusema habari za goti lake, na kuzunguka Oakdale mpaka Maple Grove kila Jumamosi alfajiri, lakini mimi nilikuwa nachagua tai.

Ijumaa, 14 Novemba

Irene amethibitisha. Mgeni rasmi ni mimi! Nimewapigia ndugu zangu Moshi. Kule kulikuwa usiku, wakapokea wakidhani kuna msiba. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara sita. Imelda ameniuliza kama nimejiandaa kwa risala. Nikamwambia risala ni ya wao kusoma, si yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Kitambaa cheupe. Ua kifuani. Chupa ya maji yangu peke yangu.

Desturi yetu inajulikana: risala kwanza, hotuba baadaye, na hakuna risala isiyo na ombi. Nilikuwa tayari kwa madaftari na kalamu za rangi. Akasimama Joyeuse, binti wa miaka kumi na moja, akasoma taratibu. Baba Ndagijimana anapumzika kwa ajili ya goti. Wasipopata dereva wa Jumamosi, darasa litafungwa. Wanamwomba mgeni rasmi awatafutie.

Nikashika kalamu niandike kwamba ombi limepokelewa, kama wafanyavyo wakubwa wote. Hapo nikamwona Ndagijimana anainuka, mkono mmoja kwenye goti. Alitaka kusema ataendelea. Kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukaanza kumpigia makofi. Siku yangu! Ua langu! Roho ikaniuma kwa wivu, nakiri, nikagonga meza mpaka chupa ikaanguka. Nikatangaza kwamba dereva amepatikana, ni mimi mwenyewe, mwaka mzima.

Vigelegele! Akina mama wakaanza wimbo, wimbo ukazaa mwingine, kisha pilau ikafunuliwa. Hotuba sikuitoa. Nilijaribu "Rock" kwenye foleni ya chakula, wakanipa sahani. Ndagijimana alinikumbatia akilia, akanipa funguo. Imelda peke yake hakupiga makofi. Anajua ninavyoamka kwa shida.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri barabarani. Vidole havikunjiki kwa baridi. Watoto kumi na wawili kutoka Oakdale hadi Maple Grove, mmoja alisahau kiatu, tukarudi. Lakini Mungu ni mwema: wamefungwa mikanda, hawana pa kwenda. Nimewasomea daftari zima, kwenda na kurudi. Wakaomba kwa Kiingereza niwashe redio. Nikaanza upya na "Gift".

Jioni Imelda kaleta habari. Ndagijimana sasa ana nafasi, kwa hiyo wanataka kumfanya mwenyekiti wa kamati ya Krismasi. Mwenyekiti! Nimempigia Irene papo hapo, nikamwambia mwenyekiti yupo na anaishi Oakdale. Imelda ameniuliza kama najua kazi za mwenyekiti huyo. Nimemwambia nitazijua nikishakaa.