Umefuta Mawingu Yangu

Kwa Fundi wa Kompyuta na Daktari wa Picha Zilizougua,

Salamu zikufikie hapo dukani ulipo. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imelazwa, na aliyeilaza ni wewe.

Mpwa wangu anayeolewa Jumamosi, binti wa dada yangu, alikuletea picha yangu ya ujana, ile niliyosimama mbele ya ndege. Ilikuwa imeliwa na ukungu, imechanika chini, na mende walikuwa wameigeuza uwanja wa michezo. Alitaka kunifurahisha. Wewe ukaitia kwenye kompyuta, ukaisugua, ukaikuza mpaka ikalingana na mlango, kisha ukaiweka dirishani kila mpita njia aione. Bwana, kazi unaijua. Hilo ndilo shtaka langu. Mengine ni haya:

1. Umefuta mawingu. Ule weupeweupe ulioizunguka ndege ulidhani ni ukungu wa kabatini? Yalikuwa mawingu. Watoto wote wa ukoo huu nimewasimulia, miaka nenda miaka rudi, jinsi tulivyoyapasua, na jinsi rubani alivyonigeukia akasema, "Kaka, nishikie hapa kidogo, nifute kioo." Nikashika. Ndege haikutikisika hata chai kumwagika. Sasa mawingu hayapo, na ndege imeonekana ina mikunjo kama shuka lililotoka kwenye kamba. Ndege ya chuma, Fundi! Nani aliikunja?

2. Juu kabisa umefichua misumari miwili. Kwani mbingu hupigiliwa ukutani?

3. Chini ya bawa umetokeza mguu wa mtu aliyevaa kandambili. Nilieleza vizuri tu kwamba huyo ni fundi wa injini. Mke wangu, ambaye hana adabu kwa mambo ya anga, akanijibu mbele ya wageni, "Fundi wa injini gani kasimama nyuma ya pazia, kalishikilia lisianguke?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, kwa kulazimika.

4. Ulipounganisha pale palipochanika, ukanivalisha kaptura ya shule chini ya koti. Suruali yangu ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa kwenye mpasuko.

4 tena, maana hili linauma na nilisahau kulitanguliza. Ule weusi juu ya mdomo wangu haukuwa kinyesi cha mende. Zilikuwa sharubu! Sharubu zangu za kwanza, nilizozilea kama mama anavyolea mapacha, na wewe umezizika bila hata kunipa pole. Tazama basi kazi yako: kisichokuwepo umekileta, kilichokuwepo umekiondoa.

5. Hapa ndipo penye moto. Ukoo ulinichagua mimi nishike maiki siku ya harusi, kwa sababu baba wa bwana harusi ni mtu wa safari hasa, mwenyewe tunamwita Mzee Pasipoti, na msafiri hujibiwa na msafiri. Sasa shemeji yangu, ambaye hajapanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kubadilishia balbu, anapita nyumba hadi nyumba akiomba apewe yeye. Jana tulipokutana akaniinamia, "Shikamoo, rubani!" Na yeye ni mkubwa kwangu! Nikinyang'anywa maiki hiyo, nitakaa nyuma kabisa na waangalizi wa viatu, mimi mjomba mtu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, urudishe ukungu. Kompyuta iliyoweza kuuondoa haishindwi kuuotesha. Ndege ipigwe pasi. Misumari igeuzwe nyota. Mguu uvalishwe kiatu, tena cha kamba. Na kwa kuwa mkono wako utakuwa umeshapata moto, sioni tabu ya kuongeza abiria wachache madirishani wakinipungia, na rubani akinipigia saluti, ila asinizidi urefu.

Usipofanya hivyo nitakushtaki kwa wakuu wa viwanja vya ndege. Umeiangusha ndege iliyokwisha kutua salama, na abiria wake niko hai, nitatoa ushahidi.

Nisalimie mkeo, mafundi wenzako, dada wa mapokezi aliyecheka akaomba radhi, na yule aliyecheka bila kuomba.

Ni mimi niliyeonewa,
Mjomba wa Bi Harusi, Msafiri.

Nyongeza: Usirudishe kitu! Nilikuwa natafuta bahasha, mara hodi, Mzee Pasipoti huyu hapa. Ameiona picha dirishani kwako, akakimbia kwake kuchukua yake ya ujana, akaja nayo imefungwa kwenye gazeti. Ndege ile ile, mikunjo ile ile, msumari kwa msumari, ila yeye ameshika mkoba. Tukatazamana. Akanikumbatia, "Mkwe, kumbe tulisafiri ndege moja!" Ameagiza maiki isiguswe na mwingine, na shemeji amekwisha kuambiwa. Kesho anakuletea hiyo yake uisugue vilevile, mikunjo yote ionekane, zitundikwe pamoja ukumbini. Sharubu tu ndizo bado nakudai. Aliniuliza nilikaa kiti gani. Nikamwambia cha dirishani. Akasema ndiyo maana hatukuonana, yeye alilala safari nzima.