Ukepteni wa Lamboni

Jumanne, 2 Mei 1995

Leo heshima yangu imeanza kurudi mjini. Haijafika, lakini imeshaanza safari.

Bwana Method, meneja wa kampuni mpya ya pamba, amebandika tangazo kwenye mlango wa ghala lake. Anaanzisha timu ya kuogelea ya watu wazima, wake kwa waume, mazoezi lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mwezi ujao timu itakwenda Mwanza kushindana, kwa gari la kampuni. Watu walisoma wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa karani wa mizani wa ushirika miaka kumi na sita, hadi walipotupunguza kazini, na najua kusoma hata kisichoandikwa. Msimu wa pamba unakaribia. Siku hizi kila mwenye lori ananunua pamba. Method atahitaji mtu wa kushika mizani yake hapa Bariadi. Atamchukua nani? Mtu anayemfahamu. Na kepteni wa timu atamfahamu kuliko wote!

Nikajiandikisha papo hapo. Januarius Masele, miaka arobaini na saba. Fomu iliuliza kama najua kuogelea. Nikaandika: kiasi cha kutosha.

Sijui kuogelea. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba jina lililo juu ya langu ni la Twaibu, muuza mitumba. Huyu naye anautaka mzani! Mtu aliyezoea kupima suruali kwa macho!

Alhamisi, 4 Mei

Mazoezi ya kwanza. Tulikuwa kumi na wawili.

Hasara zimetangulia. Kwanza, bwana afya alitaka kila mmoja apimwe kichocho, kwa hiyo nimekatiza sokoni mchana kweupe nikiwa na kichupa cha mkojo. Niliwaambia walioniuliza kuwa ni asali. Mmoja akaomba kuonja. Pili, miguu yangu. Haijaonekana hadharani tangu nilipofunga ndoa, na wachunga ng'ombe waliokuwa wakinywesha upande wa pili walisimamisha kazi ili waitazame.

Faida: Method alinisalimia kwa jina.

Sikuingia majini. Nilisema nina homa, nikajitolea kuandika mahudhurio. Twaibu aliingia. Amekulia Ujiji, kando ya ziwa, kumbe! Anaelea kama bata, tena anaongea huku anaelea. Alinipungia mkono kutoka katikati ya lambo akaniuliza kama kalamu yangu haijalowa.

Nimekaa mezani nikaiandikia timu katiba. Vifungu kumi na vinne. Kifungu cha tatu kinasema kepteni awe mtu mwenye uzoefu wa uongozi na halazimiki kulowana.

Jumamosi, 6 Mei

Method amesoma katiba. Amecheka mpaka akavua miwani. Akasema ni andishi zuri, lakini kepteni atakuwa yule atakayevuka lambo wa kwanza Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tatu.

Sawa. Nitavuka. Kwani kuogelea ni nini? Ni mikono na miguu, na vyote ninavyo.

Nimeanza mazoezi nyumbani. Nililala kifudifudi juu ya kigoda uani, nikapiga mikono, nikapiga mateke, nikawa natumbukiza uso kwenye beseni. Nilikuwa naendelea vizuri sana mpaka jirani yangu, Mzee Jilala, alipochungulia juu ya ua. Alidhani nina kifafa. Kabla sijajieleza alishanikalia mgongoni na kunitia kijiko mdomoni, huku akiwaita majirani waje na dawa. Walikuja wengi. Dawa zilikuwa za aina tatu na zote nilinyweshwa.

Mke wangu Felisita alicheka hadi akakaa chini. Baadaye aliponiletea uji alisema taratibu kwamba yeye anaweza kunifundisha, twende lamboni alfajiri, hakuna atakayetuona. Nikamwambia, "Mama Nancy, tafadhali." Mwanamume afundishwe kuogelea na mkewe? Hata sikumuuliza yeye amejulia wapi. Akachukua bakuli akaondoka.

Jumanne, 9 Mei

Nimepata akili mpya. Kama siwezi kumzidi Twaibu majini, basi nimtoe majini.

Asubuhi nilipita kwenye kijiwe cha kahawa nikasema, kwa sauti ya mtu asiyependa kusema, kwamba jana jioni niliona mamba lamboni. Mdogo tu. Kama meza.

Kufika adhuhuri mamba alikuwa na urefu wa lori. Saa tisa walinzi wa sungusungu walikuwa ukingoni na mikuki na filimbi. Mama mmoja alilia kwamba mamba amemla mbuzi wake, na mbuzi akapatikana kwenye shamba la jirani. Wanatimu kumi wakajitoa siku hiyohiyo. Kumi! Nilikuwa nahesabu kwa furaha.

Twaibu hakujitoa. Alisema mamba hawezi kufika Bariadi, apite wapi?

Nami nikajiandaa kujitoa kwa heshima, kama mtu mwenye familia. Nikaenda kwa Method. Kabla sijafungua mdomo alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Masele," akasema, "umemwona mnyama kwa macho yako na bado umekuja. Wewe ndiye mtu ninayemtaka."

Ningesema nini? Nikamshukuru kwa Kisukuma: wabeja, Bwana Meneja.

Sasa tumebaki wawili: mimi na Twaibu. Na jambo la ajabu ni kwamba nimeanza kumwogopa yule mamba.

Ijumaa, 12 Mei

Mjini wananisalimia tena! Tangu nipunguzwe kazi watu walikuwa wananipita kama nguzo ya simu. Leo asubuhi, kutoka nyumbani hadi posta, nimeitikia "mwangaluka" kumi na saba. Mtu mmoja alivuka barabara kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesahau ladha yake. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu ili nisalimiwe zaidi.

Kujitoa haiwezekani tena. Wanaotaka nijitoe waje wanitoe wenyewe.

Nimefungua tyubu zote mbili za baiskeli yangu. Nimezijaza upepo, nikazizungusha tumboni, nikazifunga kwa vipande vya mpira, na juu yake nikavaa shati pana. Kwenye kioo naonekana mtu aliyeshiba. Upepo ukiwa ndani, mwili hauzami. Hiyo ni sayansi. Felisita aliniangalia akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia maisha yangu yote sijawahi kukosa uhakika. Akasema kesho atakuja kuangalia.

Jumamosi, 13 Mei

Naandika nikiwa kitandani. Masikio bado yana maji.

Nusu ya mji ilikuja. Method alipuliza filimbi. Twaibu akaruka. Nami nikaruka, na nasema bila aibu kwamba niliruka vizuri.

Kisha tyubu moja ikateleza hadi magotini. Ya pili ikachomoka shingoni ikaenda zake. Miguu ikapanda juu, kichwa kikashuka chini! Nikawa nimesimama juu chini ndani ya lambo, nyayo zangu zikiwaangalia wananchi. Baadaye nimeambiwa walipiga makofi. Walidhani ni mtindo.

Chini kulikuwa na giza na tope. Nilijaribu kupiga kelele, maji yakaingia. Sikumfikiria Method wala mzani. Nilimfikiria binti yetu Nancy yuko shule ya bweni, na kwamba mtu atalazimika kumpelekea habari kuwa baba yake amekufa amevaa matairi. Hili silipendi hata kuliandika.

Kisha mkono ukanishika ukosi.

Felisita! Aliruka na khanga zake. Akanigeuza, akaninyanyua kidevu, akaniambia sikioni, "Baba Nancy, tulia. Ukinishika tutakufa wote. Tulia." Nikatulia. Sijawahi kumtii mtu haraka hivyo. Aliona ng'ambo ni karibu kuliko kurudi tulikotoka, akaanza kunisukuma kwenda huko, akiogelea ubavu, bila kuhema.

Wakati huohuo ile tyubu iliyotoroka, nyeusi, ndefu, ikaibuka mbele ya Twaibu. Twaibu asiyeamini mamba akapiga ukunga uliosikika sokoni! Akageuza, akarudi alikotoka kwa kasi ambayo kwa haki ingempa ushindi, kama angekuwa anakwenda upande unaotakiwa. Sungusungu waliichoma tyubu mikuki minne kabla haijatambulika.

Kwa hiyo aliyevuka wa kwanza ni mke wangu.

Method alizunguka lambo mbio. Alimpa Felisita koti lake. Akamuuliza amejifunza wapi. Felisita akasema yeye ni wa Mkula, yeye na ndugu zake wamekulia karibu na ziwa, baba yao alikuwa anawavusha kwa mtumbwi na walioogopa aliwatupa majini. Method akatangaza palepale: kepteni ni Mama Nancy. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa natapika maji nyuma ya kichaka.

Jumapili, 14 Mei

Hatukwenda kanisani. Nilikohoa usiku kucha.

Nilimuuliza Felisita kwa nini hakuniambia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Miaka kumi na tisa nimekaa na wewe. Umewahi kuniuliza najua nini?"

Nikaanza kuokota mawe kwenye mchele wake.

Kisha akaacha mchele. Akasema alipoona nyayo zangu tu juu ya maji, hakumbuki alivyoruka. Nilimshika mkono, akaniachia. Nilitaka kumwambia ahsante, na nadhani nilisema, ila nilikuwa nakohoa na sina hakika kama alisikia.

Jioni Method alikuja na soda. Amempa Felisita kazi ya mzani msimu huu. Amesema mtu asiyepoteza akili majini hatapoteza akili mbele ya foleni ya wakulima. Felisita alisema atafikiri. Alifikiri muda wa kunywa nusu chupa, akakubali.

Nimeliangalia jambo hili kwa utulivu, kisheria. Nani aligusa ukingo wa kwanza? Felisita alikuwa nyuma, ananisukuma. Kichwa changu kilikuwa mbele. Kilichogonga ukingo ni kichwa changu, nundu ninayo! Nimeandika rufaa kurasa tatu.

Jumanne, 16 Mei

Rufaa imerudi. Method ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Nundu imethibitishwa. Matokeo yako palepale." Sawa. Namsamehe, bado mgeni wilayani.

Wale kumi waliojitoa wamerudi wote, sasa mamba amejulikana ni wa mpira. Twaibu haonekani. Anasema ana mafua. Duka lake limefungwa siku ya tatu, na nikipita pale napiga ukunga kidogo, kwa ujirani tu.

Felisita ameniomba tena, kwa upole, nikubali anifundishe. Nimekataa. Muda wenyewe sina. Timu ina kepteni, lakini haina kocha! Jambo lilikuwa wazi na hakuna aliyeliona. Kocha husafiri na timu, hukaa mbele na dereva, huulizwa maoni.

Nimeshapata wanafunzi wawili, mwalimu Salu wa shule ya msingi na dada mmoja wa posta, hawajawahi kugusa maji yaliyozidi ndoo. Tunaanza Alhamisi. Nimewaeleza kwamba la kwanza ni kutoogopa, na kwamba mimi nimefika chini kabisa ya lambo lile, jambo ambalo hakuna mwingine Bariadi anayeweza kulidai. Mwalimu Salu akauliza kama nitaingia nao majini. Nikamuuliza yeye amewahi kuona wapi kocha wa mpira anaingia uwanjani kufunga magoli.

Akaniita kocha.

Kilichobaki ni kuhakikisha Felisita hapati habari kabla ya Alhamisi.