Kosa la Balbu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Jana jioni nikiwarudisha wafanyakazi wa hoteli kutoka Watamu, sikuliona tuta la Gede. Gari langu, Noah, likaruka, abiria saba wakapiga shahada kwa pamoja, hata Wakristo. Kosa la balbu! Hizi za manjano za kiwandani zimechoka.

Leo nimekwenda duka la spea kwa Nikhil, nikachukua nyeupe za LED, kali kabisa. Akanishauri niziache. Ati mwanga mweupe ukipiga matone ya mvua humrudia dereva usoni. Ati kwa mvua heri manjano, nisugue vioo vya taa vilivyofanya ukungu, kisha taa zirekebishwe ziangalie barabara. Halafu akauliza mbona nalisogeza boksi mpaka puani. Nikamwambia nanusa kama ni orijino. Kijana hana adabu. Baba yake, Manilal, hakuwa akimhoji mteja.

Swabra, mke wangu, asema kosa si la balbu, nina mtoto wa jicho. Mimi! Nina miaka hamsini na sita tu. Kweli asubuhi nimempa shikamoo binti wa miaka kumi, lakini alikuwa amejitanda leso gubigubi. Yeyote angekosea.

Jumanne, 6 Mei

Balbu nyeupe ni balaa. Mvua ilipoanza, mbele yangu pakawa peupe kama nimemwagiwa tui. Nikafuata taa za nyuma za Gerishom, dereva mwenzangu, mpaka akaingia uani kwake. Nami nikaingia. Akatoka na mwavuli kuniuliza natafuta nini. Nikasema nimekuja kumsalimia. Na abiria saba. Akaguna tu. Anaitaka njia yangu, huyo. Najua atapeleka maneno.

Jumatano, 7 Mei

Amepeleka. Purity, msimamizi wa magari hotelini, ameniita. Kufikia Ijumaa kila dereva alete cheti cha macho. Asiyekuwa nacho, njia yake atapewa mwingine. Miaka tisa ya kazi! Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni, na karo yake ni hii njia. Nilikaa garini nusu saa. Humu daftarini sina wa kumficha: niliogopa.

Halafu mpango ukanijia. Kavumbi, jirani yangu hapa Muyeye, huosha vyombo hotelini zamu ya usiku na huenda kazini kwa baiskeli. Nimemwomba akapimwe yeye kwanza, anakili herufi za ubaoni aniletee. Alikataa. Nikamkumbusha ni nani aliyempeleka mkewe kujifungua. Akaenda.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefaulu! Nilikariri usiku kucha mpaka Swabra akahamia chumba cha watoto. Kliniki, nilisoma mistari yote bila kupumua. Daktari alishangaa kidogo, kwa kuwa hakuwa amewasha taa ya ubao. Lakini foleni ilikuwa ndefu, akatia saini.

Ijumaa, 9 Mei

Purity amepokea cheti. Gerishom amenuna. Raha iliyoje!

Jioni mvua kubwa. Nikienda Watamu kuchukua watu, gari tupu, nimepita Gede nikagonga kitu. Mbuzi. Watu wa huku hawafungi mifugo yao. Sikusimama. Nani asimame kwenye mvua ile kwa ajili ya mbuzi? Taa ya kushoto imepasuka. Hasara tupu.

Jumamosi, 10 Mei

Kavumbi yuko hospitali. Amegongwa jana akienda kazini, na gari lililomgonga halikusimama. Mguu umevunjika mahali pawili. Mtaa mzima umekusanyika, nami nimewalaani mbele ya wote hao madereva wasiojali taa zao. Hata Gerishom aliniunga mkono.

Kisha nikauliza amegongewa wapi. Wakasema akishapita Gede.

Nimekwenda kulitazama Noah. Kwenye bampa, chini ya taa iliyopasuka, kimekwama kile kidude chekundu cha nyuma ya baiskeli. Nimekitupa chooni. Sikula. Swabra ameuliza nina nini, nikasema malaria.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kumwona, na machungwa. Mkewe alinishukuru mpaka nikatamani ardhi inimeze. Alipotoka kwenda kuchota maji, Kavumbi akanishika mkono.

"Nilikuwa chini, Aboud, nikisoma ASANTE MAMA nyuma ya gari lako likiondoka," akasema. "Alhamisi kuna madaktari wanatoa mtoto wa jicho bure. Nenda, nami sitamwambia mtu. Usipokwenda, utakuja kuua."

Nililia wallahi, kama mtoto. Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba nitakwenda. Nikajiandikisha palepale kwa muuguzi.

Jumatano, 14 Mei

Muuguzi amepiga simu. Ati baada ya kutolewa nisiendeshe mpaka daktari aniruhusu, huenda mwezi. Mwezi! Gerishom atakuwa ameoa kwenye njia yangu.

Nimewaza sana. Kabla ya zile balbu nyeupe nilikuwa nagonga matuta tu. Sikuwahi kugonga mtu. Basi aliyemgonga Kavumbi hasa ni nani? Nikhil alinionya tangu siku ya kwanza kwamba mvua inataka manjano, na mimi sikusikia. Lazima mtu akubali kosa lake. Nimerudi dukani, nimemwomba radhi, nimebadilisha taa iliyopasuka, nimenunua za manjano. Tena wati mara mbili ya zile za kiwandani. Ati zitayeyusha nyaya. Huyu kijana haridhiki hata akitiiwa.

Alhamisi, 15 Mei

Sikwenda kwa madaktari. Nafunga siku tatu kuwa kafara ya kiapo nilichovunja, nimeanza leo. Mungu ni mwingi wa rehema.

Kavumbi ametolewa hospitali. Mkewe alitaka kukodi tuktuk, nikakataa kabisa. Huyo ni ndugu yangu, nitamrudisha mimi mwenyewe. Nimewaambia wangoje magharibi ipite, giza liingie, azione taa mpya zinavyofanya kazi. Atafurahi.

Nimempigia simu sasa hivi. Akauliza kama nimeshatolewa lile jambo. Nikamwambia naona vizuri kabisa, asiwe na wasiwasi. Akasema alhamdulillahi, yeye ambaye si hata Mwislamu.

Nimemwambia asikae ndani nikahangaika kumtafuta. Asimame na magongo yake pale nje ya geti, kando ya barabara.

Mvua imeanza tena. Si kitu, nitamwona tu.