Jinsi Nilivyowatoa Wajukuu Kwenye Simu

Jumanne, 7 Aprili

Wajukuu wamefika hapa kwangu Musaga jana jioni. Orlane ana miaka kumi na sita, Arnaud kumi na minne. Wamenisalimia vizuri, nadhani. Nyuso sikuziona.

Mama yao, binti yangu Consolate, ameacha sharti. Jumapili atapita baada ya misa. Akiwakuta bado wameinamia simu, likizo wataimalizia vilimani Ngozi kwa shangazi yao Spès, ambako mtandao hufika kwa kubahatisha. Mimi nataka wabaki. Tangu mke wangu afariki, nyumba hii ina viti vingi kuliko watu.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Watoto wawili hawanishindi.

Mpango: simu zikae kikapuni wakati wa kula. Nimeueleza mezani, pamoja na historia fupi ya mawasiliano tangu enzi za ngoma. Maharage yamepoa. Orlane ameomba kwa adabu arudishiwe simu, aangalie saa tu. Nimemkatalia. Arnaud kasema, "Babu, we endelea, tuko tunasikia." Kijana msikivu. Alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri zaidi.

Jumatano, 8 Aprili

Kikapu kimefeli. Simu zinatoka humo zikiwa zimepumzika, nao wanazirukia kwa nguvu mpya.

Mpango wa pili ni wa kisayansi. Simu ni kama taa: ukiinyima mafuta inazimika yenyewe, bila ugomvi. Nimezizika chaja zote mbili kwenye gunia la makaa. Wameziulizia. Nimejibu kwamba vitu hupotea, nikaeleza kwa nini. Kufikia adhuhuri simu zimekufa. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Alasiri, nyumba kimya. Nimeita. Hakuna mtu.

Wako kwa Byamungu!

Byamungu ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Uvira. Ana paneli ya sola juu ya bati, na umeme ukikatika mtaa mzima huchaji simu kwake. Hatuelewani tangu siku nilipomweleza jinsi mkasi unavyoshikwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda kunyolewa. Nywele sina nyingi, lakini nilihitaji kupeleleza.

Simu zilikuwa kwenye rafu, zimepangwa, zinakunywa umeme. Wajukuu walikuwa nje kwenye benchi, wanacheza ikibuguzo na Byamungu. Ikibuguzo ni bao letu, la mashimo na mbegu. Nimeshangaa anavyofundisha: haelezi kitu. Arnaud anakosea, Byamungu anazoa mbegu zake na kucheka. "Umeliwa, bwana mudogo. Leta zingine." Arnaud naye anacheka. Orlane akadai kuna wizi. "Papa Byamungu, apana, rudisha ile." Akajibiwa, "Mi sijaiba. Ni we njo uliangalia pembeni."

Simu zilijaa. Hakuna aliyekwenda kuzichukua. Hilo limenitia wasiwasi: watoto wa leo hawatunzi mali zao.

Byamungu kaniambia, "Mwalimu, karibu ukae. Leo nyumba yako yote iko kwangu." Nimeona dharau. Nimeondoka nimenyolewa upande mmoja, kwa sababu kila zamu yake ya kucheza ilipofika aliniacha na shuka shingoni.

Ijumaa, 10 Aprili

Akili mpya. Kama ni ikibuguzo, mimi nina ubao wa marehemu baba, mti mzito, mashimo laini kama bakuli. Nimewaita asubuhi, kabla kinyozi hajafungua. Wamekaa upesi. Nimefurahi sana.

Huwezi kucheza usichokielewa, kwa hiyo nimeanza na asili ya mchezo. Nikafuata na aina za miti. Kisha tabia njema ya mshindi, na ya mshindwa. Orlane kauliza, "Babu, tunaanza lini?" Nimemjibu kwamba tumeshaanza. Nilipogeuka, Arnaud alikuwa amelala, kichwa juu ya ubao, mbegu imemganda shavuni.

Kwa Byamungu walikwenda mbio.

Jumamosi, 11 Aprili

Kazi za pamoja asubuhi, kama kila Jumamosi. Mkono ulioshika jembe haushiki simu, kwa hiyo nimewapeleka wote wawili kuzibua mifereji. Nilipokuwa nawaeleza majirani safari ya maji kutoka milimani hadi ziwani, shefu, mkuu wa mtaa wetu, kaniomba nikalinde baiskeli kivulini. Heshima kwa umri wangu.

Orlane alikuja na tope hadi magotini. "Babu, nishikie simu, inanisumbua." Nikaishika. Ikalia, nikaiangalia. Ikalia tena. Kutoka mferejini Byamungu akapaza sauti, "Mwalimu, weka simu chini, kamata chepe!" Mstari mzima ulicheka. Wajukuu wangu ndio waliocheka zaidi.

Jumapili, 12 Aprili

Consolate kafika na kunikuta peke yangu. Nilijua Ngozi imeshinda.

Tumevuka barabara. Orlane na Arnaud walikuwa wameungana dhidi ya Byamungu, wanabishana kwa mikono yote miwili. Hawakumwona mama yao. Akasimama akiwatazama, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Alisema hajamwona Orlane akicheka hivi tangu Krismasi. Akauliza tumefanyaje.

Kabla sijafungua kinywa, Byamungu kasema, "Ni Mwalimu. Chaja zilipotea kwake, batoto bakakuja kwangu." Mtu mwema, kwa kweli. Nimekubali sifa zote.

Wanabaki hadi shule zifunguliwe! Nimeita kila mtu kwangu tuchome mukeke, samaki wa ziwa letu, Byamungu pia. Consolate alipochota makaa, zikatoka chaja. Akaniangalia. Nilianza kueleza, akaomba tule kwanza. Viti havikutosha, Arnaud amekalia ndoo.

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya kuvuna nilichopanda. Leo Arnaud mwenyewe kasema, "Babu, njoo tucheze, leta ule ubao wako." Orlane kaniwekea mto kwenye kiti. Walinitazama usoni, wote wawili, na mbegu mikononi.

Kwa kuwa Ijumaa mmoja wao alisinzia, nimeanza tena kwenye asili ya mchezo. Nilipofika kwenye aina za miti nikainua macho. Orlane yuko kwenye simu. Arnaud yuko kwenye simu.

Ugonjwa umerudi. Nimevuka kwa Byamungu na pendekezo: kila asubuhi nizungumze na vijana wanaosubiri simu zijae. Amefikiri, akatazama bati lake, akasema paneli yake haina nguvu ya kuwaweka vijana pale hadi nimalize.

Nimetafakari kwa utulivu, na nimeona kosa langu lilipo. Nilifupisha mno.