Ombi la Kusogeza Sikukuu ya Mtakatifu Msimamizi Wetu kwa Siku Tisa

Jumapili, 20 Septemba

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Bendi ya Parokia

Ndugu Mwenyekiti Salvu Grixti,

KUH: BANGI YANGU HAIJAIVA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba goti lako limepoa tangu ulipoteguka ukisimamisha nguzo za mapambo. Mimi ni Wistin Zahra wa nyumba ya kona, yule uliyemwambia mbele ya watu kwamba anapuliza klarineti kama mtu anayepoza supu. Sikukasirika. Ulisema kweli, nami nikaacha muziki nikageukia kilimo.

Kilimo chenyewe ni mashina manne ya bangi juu ya paa la nyumba yangu, manne kamili kama sheria inavyoruhusu, yamezungushiwa mashuka ya mama yasionekane barabarani. Huu ni mwaka wa tatu najaribu kuvuna kitu cha maana. Mwaka wa kwanza nilingoja mno. Ukaja xlokk, ule upepo wetu wa kusini wenye unyevu, ukaniachia ukungu wa kijivu kwenye kila kichwa cha ua. Mwaka jana nikaingiwa na woga, nikamsikiliza jirani yangu Żeppi aliyesema kwamba maua yakishanukia yako tayari. Nikakata wiki mbili kabla ya wakati. Ilikuwa na ladha ya nyasi kavu, na sungura wa mama nilipowatupia majani walinitazama tu, kama ulivyokuwa ukinitazama wewe mazoezini.

Mwaka huu nimeamua kufuata elimu. Nina lenzi ya marehemu baba, aliyekuwa fundi saa, na kila asubuhi natazama vile vitone vya utomvu juu ya maua. Vikiwa angavu kama kioo, bado. Vikiwa vyeupe kama maziwa, karibu. Kimoja katika kila vitano kikigeuka rangi ya asali, hapo ndipo mtu anapokata, na ana siku tatu au nne tu kabla mambo hayajaharibika. Leo nimehesabu viwili katika hamsini. Kwa hesabu yangu, siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza:

1. Karatasi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba bendi husimama chini ya kona yangu na kupiga maachi nzima, ule wimbo wa gwaride, na kwamba kutoka kila paa hushuka karatasi zilizokatwakatwa mpaka barabara haionekani. Ua la bangi lililokaribia kuiva linanata kama ulimbo. Karatasi ikishatua pale haitoki. Ukiivuta inatoka na utomvu wote. Nyumba yetu imekuwa ikimwaga karatasi tangu enzi za babu, lakini mwaka huu nimejiuzulu. Magunia yangu mawili nimeyafunga mafundo matatu matatu na kuyaficha chini ya ngazi. Nawaomba na majirani waonyeshe moyo kama huo.

2. Fataki za saa mbili asubuhi. Jana mlijaribu moja bila kutangaza. Nilikuwa nimeinama na lenzi jichoni, nimefika kitone cha arobaini na moja. Sasa sijui kama nilihesabu arobaini na moja au nilipiga chafya. Pia nimejichoma jicho kwa jani.

3. Wageni. Sikukuu huwaleta ndugu zangu wote juu ya paa kutazama fataki, na hakuna hata mmoja asiye na maoni. Mwaka juzi binamu yangu kutoka Melbourne alichuma kichwa kizima cha ua ili anuse tu, kisha akasema kwao ni kubwa zaidi. Shangazi aliuliza kama inafaa kwenye mchuzi wa sungura. Nilimwambia hapana, akakaa pale pale akitafakari kwa namna iliyonitia wasiwasi.

4. Mama yangu, Bibi Ċetta. Hajawahi kuvuta hata sigara, lakini anayaamrisha mashina yale kama nyanya zake za bustanini. Nilipomweleza nia ya barua hii aliweka chini kazi yake ya kufuma lesi, akasema, “Mwanangu, msimamizi amelinda kijiji hiki dhidi ya tauni. Wewe umelinda nini?” Nilimjibu kwamba nimelinda mashina manne. Tangu hapo anasema nami kupitia paka.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu kwamba sikukuu ya Jumapili ijayo isogezwe mbele kwa siku tisa. Najua itaangukia Jumanne. Watu watazoea. Msimamizi wetu amesimama katika kijumba chake cha kioo miaka mia tatu bila kulalamika, na siku tisa kwake ni kama kikohozi. Tena kanisa letu lina saa mbili ukutani, moja ya kweli na moja iliyochorwa kwa rangi ili kumchanganya shetani, nayo inasema saa tano na robo tangu kabla sijazaliwa. Kijiji kilichokubali kumdanganya shetani kuhusu saa hakiwezi kushindwa kumdanganya kuhusu tarehe. Kwa kweli, akija Jumapili akute barabara tupu, atafikiri amekosea mwaka.

Ombi langu likikataliwa, itanibidi nihamie klabu ya bendi ya mtaa wa chini, ile ya akina Żeppi, jambo ambalo ukoo wetu haujafanya tangu babu alipogombana nao kuhusu bendera. Na kama hawatanipokea, maana nao wana masikio, basi nitarudi mazoezini kwako kila Alhamisi, na klarineti yangu. Sisemi hivi kukutisha. Nakujulisha tu.

Nisalimie Bibi Grixti, wapiga ngoma wote, mpiga tuba na mgongo wake, kasisi wetu (usimwonyeshe barua hii), na wale wazee wanaokaa mlangoni pa klabu wakinihesabia viroba vya udongo ninavyopandisha.

Wako mtiifu, mwanachama kwa sasa,

Wistin Zahra

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nasubiri posta ifunguliwe kesho, bendi yako ilipotoka mazoezini ghafla na kusimama chini ya kona ikipiga ile maachi aliyoipenda baba. Sijui nilifikaje chini ya ngazi. Mafundo yote sita niliyafungua kwa meno. Magunia yote mawili niliyamwaga kutoka juu ya paa huku nikimwita msimamizi kwa sauti ambayo mke wako bila shaka ameisikia, na xlokk, aliyewahi mwaka huu, akanirudishia kila kipande. Mashina yangu manne yamekuwa meupe pe. Żeppi aliyaona kutoka paa lake, akasema, “Wistin, kaka, hayo utayavuna au utayapeleka kanisani yakafungishwe ndoa?” Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaja na kibano cha nyusi cha mkewe. Mama naye amekuja na pini zake za lesi, na tangu alasiri tunachomoa karatasi mojamoja, sote watatu. Mama ameazima lenzi yangu, akatazama kidogo, akasema bila kumpitishia paka: “Bado. Ngoja sikukuu ipite.” Nitangoja, na kitakachobaki nitakivuna na karatasi zake.

Kwa hiyo usisogeze chochote. Naomba tu unijulishe Jumapili mtapita kwenye kona yetu saa ngapi, kwa ile saa inayosema kweli, kwa sababu magunia yamekwisha na mama ameshaanza kukata magazeti.