Mtu wa Chini

Jumatatu, 6 Julai 1998

Niko nyumbani Kinondo, nimelala sakafuni juu ya godoro jembamba. Daktari wa Msambweni hapendi vitanda vya kamba. Eksirei imeonyesha ufa katika mfupa wa kiuno, chini kabisa. Sikuanguka, sikugongwa. Daktari anasema mfupa umebebeshwa uzito ule ule mara nyingi mno, ukachoka, ukapasuka kidogo.

Nilimweleza kazi yangu. Sarakasi, hoteli ya Galu. Mimi ndiye mtu wa chini. Nasimama nimekunja magoti, wawili wanapanda mapajani, mmoja kila upande, na mabegani pangu, juu ya wote, anasimama msichana mmoja, Jumwa. Daktari aliuliza ni nani aliyenituma. Nikasema ni kipaji. Akaniambia nisibebe, nisiiname, nisiruke, mpaka mfupa uunge.

Jana alikuja Absalom, kiongozi wetu, na mkate na nanasi. Ni mtu wa bara lakini anajua kukaa na mgonjwa. Alingoja nimalize nanasi ndipo akasema kwamba nafasi yangu ameishika Owen. Kwa muda tu. Owen! Mbeba masanduku wa hoteli. Mabega yake yangefaa kutundikia koti.

Nyayo za Jumwa nazijua kuliko ninavyoujua uso wake. Kabla hajainua mikono, hukaza vidole vya miguu, nami hukaza shingo. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Sasa vidole hivyo anakaziwa Owen.

Kiuno kinauma. Hilo linauma zaidi.

Jumatano, 8 Julai

Nina mpango.

Owen amepanga chumba Ukunda, peke yake, anaishi kwa chai na mkate. Onyesho likiisha, Jumwa akishashuka salama, mtu wa chini hupinduka hewani kuwaaga wageni. Tumbo likijaa muhogo wa nazi, hapinduki mtu. Ataanguka kwa makalio mbele ya Wajerumani, na Absalom atanikumbuka.

Nilimwambia mama namwonea huruma kijana yule, yuko mbali na kwao. Mama alinitazama sana. Akasema maradhi yamenilainisha moyo. Akapika sufuria nzima, tui zito. Jumwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hupita hapa akienda kazini, basi nikampa aibebe. Nikamwagiza amwambie Owen ale chote kabla ya onyesho, ndiyo desturi ya watu wa chini. Jumwa akasema hakujua kuwa nina roho nzuri namna hii.

Niliona haya kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 11 Julai

Owen alikula chote. Akapinduka mara mbili. Wageni walisimama kupiga makofi. Amesema tangu aje pwani hajawahi kushiba, na kwamba nguvu zimemwingia mpaka kwenye visigino.

Leo amerudisha sufuria mwenyewe, ameisugua mpaka inang'aa. Mlangoni alimwambia mama, "Niaje, mathe." Mama akamkazia macho, maana hiyo ni salamu ya marika. Jumwa, aliyekuja naye, akamnong'oneza. Owen akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu daktari anivike mkanda huu wa kiunoni. Akaamua kumpikia kila siku. Leo alipelekewa wali na samaki wa kupaka. Mimi uji. Eti mgonjwa asiyetembea akijaza tumbo analemea mgongo.

Waliondoka pamoja, Jumwa na Owen. Niliwasikia wakicheka mpaka kwenye ua wa jirani, kisha sikuwasikia tena.

Hoteli iko kaskazini ya hapa, na msimu huu upepo unatoka kusini, unazipeleka sauti zote kule. Ngoma za onyesho hazinifikii. Jioni nilitega sikio hata hivyo. Niliikazia shingo hewa tupu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeelewa kosa langu. Nilijishughulisha na Owen badala ya kujishughulisha na mimi. Nikimwonyesha Absalom kwamba nabeba, atanirudisha, daktari apende asipende. Lakini kwanza nijaribu.

Kujaribu na nini? Gunia la mahindi nililifikiria, nikaliacha. Gunia ni mzigo tu. Mzee Iddi, jirani yetu, ana mbuzi jike mpole, mweupe. Mama alipokwenda kisimani nilimvuta kwa maganda ya ndizi. Nikapiga goti bila kuinama, kama alivyosema daktari, nikampitisha shingoni, nikainuka.

Nilisimama. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu wa chini tena. Kitu hai kilikuwa juu yangu, kina joto, kinatafuta mizani, nami nilikuwa nakitafutia. Nilifumba macho. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika miguu.

Ndipo Mzee Iddi akamwita mbuzi wake.

Mama alinikuta nimelala kifudifudi uani, mbuzi amesimama juu ya mgongo wangu anakula ganda la mwisho. Siandiki zaidi. Kalamu yenyewe nzito.

Alhamisi, 16 Julai

Tumetoka Msambweni. Daktari aliuliza kama nilibeba kitu. Nikasema kidogo. Mama akasema mbuzi. Daktari aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akakaa huko hadi alipoweza kurudi. Mapumziko yanaanza upya. Ya mwanzo hayahesabiki.

Mzee Iddi amekuja kunipa pole. Ameuliza pia, kwa adabu, nina nia gani na mbuzi wake.

Jumwa alipita. Mama alikwisha mweleza kila kitu, na maganda ya ndizi pia. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti akauliza, "Kwa nini mbuzi, Chande?"

Nikamjibu, "Gunia halipumui."

Alitazama miguu yake. Kisha akasema anachelewa kazini. Alipoondoka niligeukia ukuta, taratibu, kama nilivyofundishwa.

Jumatano, 22 Julai

Owen amekuja peke yake. Nilijifanya nimelala. Akasubiri. Nikachoka kujifanya.

Alisema anaogopa. Jumwa akiwa juu, yeye hasikii lolote. Jana aliyumba, na Jumwa akajishikilia kwenye nywele za Owen. "Bro, nitajuaje kama anaanguka?" aliniuliza. Akaniambia pale chini ni saruji, kana kwamba mimi sijui kilichoko pale.

Haikuwahi kunijia nafasi nzuri kama hii. Ningemwambia atazame juu, au ahesabu, au aimbe. Angeaibika wiki hiyo hiyo. Nilikwisha fungua mdomo. Lakini kila nilipomwona Owen akiaibika, nilimwona na Jumwa akiwa hewani, na mimi niko hapa, godoroni.

Basi nilimwambia. Vidole vikikaza, kaza shingo. Asitazame juu, asikilize kwa mabega. Jumwa akipumua kwa nguvu, ujue ameona mgeni anayempiga picha, ataegemea upande wa taa. Nilimwambia yote. Owen aliyarudia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani, akanishukuru, akachukua chakula chake kwa mama, akaenda.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho. Sasa anacho.

Uji sikuumaliza.

Jumamosi, 1 Agosti

Jumwa amekuja asubuhi, amevaa leso mpya, akaketi karibu kuliko siku zote. Anasema Owen hayumbi tena. Alipomkazia shingo mara ya kwanza, Jumwa alijua papo hapo ni nani aliyemfundisha.

Nikauliza kama basi mambo ni sawasawa. Akasema ni sawasawa. Akasuka ncha ya mkeka, akaifumua. "Lakini yeye hungoja nikaze vidole ndipo akaze shingo," akasema. "Wewe ulikuwa hungoji."

Niliichukua ncha ile ya mkeka, nikaanza kuisuka upya.

Alisema Absalom ameahidi kuniwekea nafasi, hata ikifika Ramadhani. Akaniomba nimtii daktari. Niliapa. Nikamwambia nimekua, upuuzi umekwisha, mfupa ni mfupa, sasa ni kulala na kusubiri tu. Mama alisikia yote kutoka jikoni, akasema alhamdulillahi.

Nilimaanisha kila neno. Nililimaanisha mpaka baada ya alasiri.

Kesho mama anakwenda Diani harusini, atarudi jioni. Jumwa atapita kuchukua chakula cha Owen. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, si kwa pupa kama zamani. Daktari alikataza kubeba, kuinama na kuruka. Kusimama hakukataza. Nikisimama wima, nimeegemea ukuta chini ya dirisha, na Jumwa akapanda dirishani, akanikanyaga begani, hapo sijamwinua, amejipandisha mwenyewe. Na sitaki asimame kwa miguu yote miwili.

Nitamwomba akanyage bega moja tu. Bega liko mbali sana na kiuno.