Mashine ya Kuoshea Santuri

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe rasmi, na wote wasikie: leo nyumba hii imepata mashine ya kuoshea santuri. Ina brashi, ina pampu, ina taa ya kijani isiyo na kazi inayojulikana. Bei nilimtajia mke wangu kwa awamu. Akauliza kama ndizo zile fedha za mashine ya kufulia nguo. Ndizo. Akasugua bega lake bovu, linalomuuma kila akikamua mashuka. Afadhali angefoka!

Jumanne, 4 Machi
Amefoka. Eti sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha, Baba Watoto, hata kichanga kinaogeshwa hivyo. Nikamweleza habari za vumbi lililojificha ndani ya mistari. Akasema vumbi lililojificha analiona, ila haliko kwenye santuri.
Tumeafikiana. Santuri moja: upande wa kwanza uoshwe na mashine, wa pili aoshe yeye. Mama mkwe asikilize, aamue. Nikishindwa, mashine irudi dukani, inunuliwe ya nguo. Duka linapokea hadi Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi
Tumeosha. Mashine ilinguruma kama inasaga kokoto. Mke wangu alimaliza upande wake huku anaimba. Kasoro ndogo: mashine ilirusha maji, karatasi za katikati zenye majina ya nyimbo zikabanduka zote mbili. Si neno. Nimeisimamisha santuri ikauke, upande wangu ukitazama dirisha.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kazini. Nimepaka unga wa ngano kiduchu upande uliotazama ukuta. Wake. Si hila, ni tahadhari.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Wimbo wa upande wa kwanza, wangu, umetatarika kama vitunguu kwenye mafuta. Mama mkwe akauliza kama mvua imeanza. Wa pili ukatoka laini kama hariri, mama mkwe akafumba macho kwa raha. Kumbe jana asubuhi mke wangu aliigeuza santuri, upande wake nao upate upepo! Mama mkwe akapitisha kidole juu ya santuri, akakilamba. Akasema, taratibu kabisa, mwanangu, huu ni unga.

Jumamosi, 8 Machi
Ukweli wenyewe ni huu. Nilibeba mashine hadi dukani kwa nia safi. Muuzaji akanipa pole kwa karatasi zile, akanionyesha nyingine, yenye kifuniko cha kuzikinga. Nikaongeza kidogo. Nikarudi nayo.
Mke wangu aliitazama, akanitazama, akanisukumia beseni la mashuka. Nimekamua hadi bega likakataa kunyanyuka. Kazi ngumu mno! Mwanamke huyu anahitaji mashine, wala si mchezo. Naanza kumwekea akiba mara moja, nikishanunua ile dawa maalumu ya kuoshea santuri.